Sura ya Saba: Shaba Inapita, Chuma Kinabaki

Ukikaa siku tatu Tunduma unajifunza kusoma malori. Asubuhi, kabla ukungu haujaamua kuondoka, unaagiza chai na chapati kwa mama ntilie, unageuza benchi kuelekea barabarani, na foleni ya mpakani inakupitia mbele ya macho kwa mwendo wa kinyonga. Tangi la mafuta linajulikana kwa umbo. Kontena halisemi kitu. Lori la shaba kutoka Zambia au Kongo ndilo linalojieleza: bodi ndefu, na juu yake vifurushi vifupi vya mabamba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma na kupangwa kwa kuachiana nafasi, utadhani mwenye mzigo aliishiwa njiani. Mgeni huuliza kwa nini lori limetoka huko kote likiwa nusu tupu. Kwa uzito, halina nafasi ya kuongeza hata gunia la mahindi. Tani 30 za shaba ukizipanga kwenye bodi hazimfiki mtu mzima magotini.

Mabamba hayo yana safari ya zaidi ya kilomita 900 kufika bandari ya Dar es Salaam, na baada ya hapo yatakuwa nyaya, mota, mabomba, vitasa vya milango. Sehemu ndogo itakuwa maganda ya risasi. Sura hii inahusu zile risasi ambazo hazikupata hata chembe ya shaba hiyo, zile za bei rahisi ambazo ganda lake ni la chuma, na ambazo karibu kila Mtanzania aliyewahi kulenga shabaha jeshini alianza nazo bila kujua.

Mtaa wa nyuma ya foleni kuna mzee mnunuzi wa skrepa. Kipimo chake ni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio akaifunga kamba. Kijana akileta mfuko, mzee haulizi umetoka wapi. Anateremsha sumaku polepole kama mvuvi wa ndoano. Kilichonasa ni chuma, kinakwenda kwenye rundo la chuma kwa bei ya chuma. Kisichonasa kinatengwa, kinakwaruzwa kwa msumari, kinageuzwa juani, na hapo ndipo maneno ya fedha yanaanza. Siku niliyokaa naye, kijana mmoja alileta kipande cha bomba chekundu kinachong'aa, akaapa kwa mama yake kwamba ni shaba tupu. Sumaku ikakidaka kwa mlio.

"Dogo," mzee akamwambia bila kuinua sauti, "hiki chuma kimevaa kanzu."

Kijana alicheka, akachukua hela ya chuma. Mimi nilibaki na lile neno, kwa sababu nilikuwa nimewahi kukiona hicho chuma chenye kanzu, zaidi ya miaka thelathini nyuma, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi.

Nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo ukimaliza kidato cha sita hukuulizwa kama unataka. Baada ya wiki nyingi za kwata, jembe na mchakamchaka, zamu yetu ya renji ikafika. Tulikuwa makuruta 30. Silaha yetu ilikuwa SAR, ile ndefu ya Kichina yenye kitako cha mbao na singe inayokunjwa chini ya mtutu. Wengine wakapewa SMG, yaani AK-47 ya Kichina. Kila mmoja alihesabiwa risasi kumi kiganjani kama mtoto anavyohesabiwa pipi za sikukuu. Zilikuwa nyekundu, safi, rangi ya senti tano mpya. Nilizionea fahari. Niliamini nimeshika shaba.

Kumi zile ziliisha upesi. Ya kwanza ilinipiga begani nikasahau mafunzo yote. Ya tatu, ganda lake liliruka kuliani likamwangukia jirani yangu kwenye ukosi wa shati, moto kama lilivyo, akapiga ukelele uliosikika hadi jikoni. Kwenye karatasi yangu matundu yalikuwa manne. Afande wa silaha aliyatazama, akanitazama, akasema kuwa adui angenishukuru.

Kisha ikaja kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kupiga kwenyewe. Ghalani zilitoka risasi 300, kwa hiyo maganda 300 yarudi ghalani. Tulitambaa mstari mmoja, bega kwa bega, tukipapasa nyasi. Yakapatikana 299. Tukarudia. Kuruta mmoja akainua kitu akashangilia, lakini kilikuwa ganda lililopotea msimu uliopita, lenye kutu kila mahali, limevimba mapele kama jembe lililosahaulika shambani mvua nzima. Afande alilisugua kwa kidole, unga mwekundu ukamwagika. "Hili la wenzenu waliowatangulia. Halihesabiki. Hakuna anayekula mpaka lipatikane la leo."

Nilikuwa na njaa, lakini nilikuwa na swali pia. Shaba haioti kutu nyekundu. Shaba ya bibi yangu, ile birika ya sikukuu, ikiachwa huchafuka kijani. Ganda lile lilikuwa limeoza kama msumari.

*

Lugha yetu yenyewe inaficha madini humu. Neno risasi kwa asili ni jina la madini, yale mazito laini ya kijivu ambayo fundi wa betri za magari anayajua kwa jina hilo hilo hadi leo. Vichwa vya bunduki za zamani vilisubiwa kwa madini hayo, basi madini yakakipa kitu jina, na jina likameza kitu kizima: kichwa, baruti, fataki na ganda, vyote ni "risasi". Kichwa siku hizi mara nyingi kina koti la madini mengine juu yake, na risasi nyingi za kijeshi zina kiini cha chuma ndani. Lakini sehemu inayokula fedha ni ganda.

Ganda la kawaida ni la shaba ya njano: sehemu 70 shaba nyekundu, 30 zinki. Mchanganyiko huo haukuchaguliwa kwa urembo. Pini ikigonga fataki iliyo kitakoni, baruti inawaka, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho ganda linatanuka likabana kuta za chemba, likaziba kila upenyo ili gesi yote isukume kichwa mbele. Presha ikishuka linasinyaa kidogo na kuachia, likavutwa nje kwa urahisi. Ganda la shaba linapumua. Kazi hiyo chuma huifanya pia, ila kwa shingo ngumu: hakitanuki vizuri, na kikishatanuka hakirudi kama shaba.

Kwa nini basi mtu atumie chuma? Rudi kwenye benchi la mama ntilie. Ganda moja la shaba la saizi ya risasi ya SMG lina shaba nyekundu kama gramu 5. Tani moja ya mabamba ni maganda 200,000 hivi. Lori moja la tani 30 ni maganda milioni sita. Kwa miaka ya karibuni tani ya shaba imekuwa ikiuzwa kwa maelfu ya dola, mara nyingi zaidi ya 8,000, wakati tani ya chuma haifiki hata robo ya hapo. Jeshi linalotaka kufundisha vijana laki moja, kila mmoja risasi mia, linahitaji maganda milioni kumi yatakayotumika mara moja na kutupwa. Hapo mhasibu anakuwa muhimu kuliko jenerali.

Wajerumani waligundua hilo kwa shida. Katika Vita Kuu ya Kwanza njia zao za bahari zilizibwa, shaba ikawa adimu, wakaanza kujaribu maganda ya chuma. Katika Vita ya Pili wakayatumia kwa mamilioni, yakiwa yamepakwa vanishi yasishike kutu. Warusi walilichukua wazo wakalifanya mila. Risasi yao ya 7.62 kwa 39, iliyobuniwa 1943 na ambayo ndiyo chakula cha SAR na SMG, ilikuja kutengenezwa kwa ganda la chuma miaka nenda rudi. Wachina wakairithi. Wao mara nyingi waliyapaka maganda utando mwembamba wa shaba nyekundu, mwembamba kuliko rangi ya kucha, ili yateleze kwenye chemba na yasipate kutu upesi. Chuma kikavaa kanzu.

Na hapa hadithi inarudi mpakani. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 serikali ililivunja jeshi la kurithi, ikaanzisha JWTZ Septemba mwaka huo huo, na China ikawa rafiki mkubwa wa kulifundisha na kulipa silaha. Miaka michache baadaye Wachina hao hao walikuja kujenga TAZARA: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza 1970, reli ikafika Tunduma 1973, ikakabidhiwa 1976. Sababu kubwa ya reli ile ilikuwa shaba ya Zambia, ipate njia ya baharini isiyopitia kwa walowezi wa Rhodesia. Kwa hiyo nchi moja ilitujengea reli ya kupitishia shaba na kutuletea risasi zilizobuniwa kuikwepa shaba. Sijui kama kuna aliyeviona viwili hivyo kwa pamoja wakati ule. Kuruta aliyelala kwenye nyasi hakuviona.

*

Wapenda bunduki hugombana juu ya ganda la chuma kama watu wa mpira wanavyogombana juu ya refa. Wengine wanasema linaua bunduki. Wengine wanasema hayo ni maneno ya wauza shaba. Ukweli unategemea ni bunduki ipi, na unazungumzia sehemu ipi ya risasi.

Ganda la 7.62 kwa 39 lina umbo la karoti: nene kitakoni, linachongoka kuelekea shingoni. Karoti ukiivuta kidogo tu kutoka kwenye tundu lake inaachia pande zote kwa mara moja. Pia chemba ya SMG ina nafasi, na ndoano inayovuta ganda ni nene na katili. Bunduki hizo zilizaliwa pamoja na chuma. Tofauti ni bunduki za Kimarekani za jamii ya M16, ambazo ganda lake limenyooka zaidi, kama chaki. Chaki hukwaruza tundu safari nzima ya kutoka. Tena kwa kuwa chuma hakizibi vizuri, moshi hupenya pembeni na kuacha masizi chembani. Risasi zikipigwa nyingi mfululizo, masizi yanajengeka hadi siku moja ganda linagoma, na mwenye bunduki anatafuta fimbo ya kulisukuma.

Mwaka 2013 wauza risasi wa Marekani, Lucky Gunner, walichoka na ubishi wakafanya jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Walichukua bunduki nne za aina moja, wakaamua kila moja ipigwe risasi 10,000: moja ganda la shaba, tatu maganda ya chuma ya Kirusi ya chapa tofauti. Ile ya shaba ilimaliza mwendo bila matata. Zile za chuma zilikwama hapa na pale, moja ikashindwa kuendelea. Lakini jambo lililonivutia ni mitutu. Ya bunduki za risasi za Kirusi ilichakaa mapema mno, shabaha ikapotea kabla ya mwisho. Mchawi hakuwa ganda. Alikuwa kichwa: koti lake lilikuwa chuma chenye utando wa shaba, nalo husugua mifuo ya ndani ya mtutu kuliko koti la shaba tupu. Halafu wakapiga hesabu, wakaona kwamba fedha iliyookolewa kwa kununua risasi rahisi ingetosha kununua mtutu mpya na kubaki na chenji.

Hesabu hiyo ni ya Marekani, ambako mtutu mpya unaagizwa kama tairi. Kwetu mtutu haubadilishwi hivyo. Na hata huko kwao bei rahisi ilikuwa na wenyewe: risasi za Kichina zilipigwa marufuku kuingia 1994, na kuanzia Septemba 2021 vibali vipya vya risasi za Kirusi vikazuiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu huligeuza kuwa kosa la ganda la chuma kumbe ni la fataki. Risasi nyingi za zamani za Kirusi na Kichina zilikuwa na fataki yenye kloreti ya potasiamu. Inawaka kwa uhakika hata ghalani ikikaa miaka, lakini inaacha ndani ya mtutu chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hunywa unyevu wa hewa. Katika nchi kavu unaweza kuchelewa siku mbili. Katika nyanda za Songwe, mkoa huu wa Tunduma, ambako kuanzia Novemba hadi Aprili shati halikauki na asubuhi nyingine huoni nyumba ya jirani kwa ukungu, ukilala na bunduki chafu unaamka na mtutu wenye kutu. Mafuta hayaondoi chumvi. Inayeyushwa na maji.

Ndiyo maana jioni ile, kabla hatujapata lile ganda la 300, tuliitwa kwa zamu jikoni na silaha zetu. Mpishi alikuwa na sufuria la maji yanayotokota. Tulishika bunduki wima, mdomo chini, maji yakamiminwa chembani kwa kikombe cha bati, yakatokea upande wa pili meusi kama chai ya rangi. Kikombe cha pili, cha tatu, mpaka yakatoka meupe. Mtutu ukapata moto hadi ukajikausha wenyewe. Ndipo kikaja kitambaa na mafuta. Wenzangu wengi waliamini hiyo ni adhabu ya ganda lililopotea. Mimi pia. Miaka mingi baadaye nilipoelewa kazi ya yale maji nilimwombea heri yule mpishi.

*

Risasi kumi hazimfundishi mtu kulenga. Kila mwalimu wa silaha anajua hilo, na kila bohari inajua kwa nini hazikuwa mia. Hata risasi ya chuma, pamoja na urahisi wake, ni fedha inayopotea kwa kishindo. Kwa hiyo jeshi lina njia nyingine ya mazoezi ambayo haina bei kabisa.

Wiki mbili kabla ya renji tulilazwa uwanjani na bunduki tupu. Afande alipita akiweka sarafu ya shilingi juu ya mtutu wa kila kuruta, karibu na mdomo. Kazi ilikuwa kulenga, kushusha pumzi nusu, kuizuia, na kubana triga hadi isikike "tak", shilingi isianguke. Shilingi yangu ilianguka mara ishirini. Ulikuwa mwaka wa shilingi mpya, zenye sura ya Rais Mwinyi. Tulikuwa tukizilalamikia kuwa nyepesi na hazinunui kitu. Za zamani zilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mpya, kuanzia 1987, zilikuwa chuma kilichovikwa nikeli. Benki Kuu nayo ilikuwa imefika alikofika mhasibu wa risasi. Mzee wa Tunduma angezinasa zote kwa sumaku yake.

Siku ya tatu shilingi ilikaa. Kama ile siku ya renji nilipata manne kati ya kumi, nne hizo nilizijifunza pale kwenye shilingi. Sita zilizopotea zilihitaji risasi halisi: kishindo, teke la bega, ule woga unaofumba jicho kabla ya triga. Hilo halifundishiki kwa bunduki tupu, na hapo ndipo risasi rahisi inapopata kazi yake ya haki. Haihitaji kuwa sahihi sana. Inahitaji kuwepo kwa wingi ili mtu aizoee mshtuko wake na kuacha kufumba jicho.

Nchi hii ya mpakani imewahi kuona jeshi lisilo na risasi za kuchezea. Mwishoni mwa Oktoba 1918 kikosi cha jemadari wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, kikikimbizwa tangu Msumbiji, kilipita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba kikalishambulia boma la Waingereza la Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo. Askari wake wengi hawakuwa na bunduki za Kijerumani tena, maana risasi zake zilikuwa zimekwisha; walibeba silaha walizowanyang'anya Wareno na Waingereza pamoja na risasi zake. Walipoweka silaha chini kule Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, walikabidhi bunduki zaidi ya 1,000 na risasi zaidi ya 200,000, karibu zote mali ya maadui zao. Masanduku ya risasi hizo yalitembea Afrika Mashariki juu ya vichwa vya wapagazi, wengi wao wakiwa wanakijiji waliokamatwa njiani, na wengi hawakurudi. Kila nikisikia mtu anaiita risasi ya mazoezi kitu rahisi, nakumbuka kwamba zamani gharama yake ilikuwa kichwa kilichoibeba.

Raia wa Songwe wa leo hana habari na SMG, na sheria haimruhusu awe nayo. Mwenye kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, huwa na shotgun au rifle ya kuwindia, na lazima awe amepitia mafunzo kwanza. Baada ya hapo wengi hawapigi tena hadi siku ngiri wanapoingia shambani. Nawaelewa. Risasi za rifle kubwa, .375 au .458, zile ambazo maaskari wa wanyamapori hutumia tembo anaposhuka kijijini, ganda lake ni shaba tupu na kila moja inauma mfukoni. Hakuna toleo la kimaskini. Mwenye akili hujizoeza kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi yake ni ndogo kiasi kwamba hata kwa ganda la shaba haimfilisi mtu. Mwenye shotgun ana kanzu yake pia: ile kofia ya njano inayong'aa kitakoni mwa ganda la plastiki mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya fahari. Jaribu kwa sumaku.

Halafu kuna gobore, ambalo halina ganda kabisa. Linajazwa baruti mdomoni na kushindiliwa kipande chochote cha chuma, na mwenyewe hupiga risasi moja kisha hukimbia, ama kumfuata mnyama ama kumkwepa. Mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels 1890 yalikubaliana kuwanyima Waafrika bunduki za kisasa, yakaacha mlango wazi kwa zile za kizamani za gumegume. Gobore ni mjukuu wa makubaliano hayo. Mwenye gobore halengi shabaha kwa mazoezi hata siku moja. Kwake kila risasi ni ya kweli, na nyingi hukosa.

Chuma chenyewe hakijawahi kuwa mgeni hapa. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru zao za udongo na kufua majembe na mikuki muda mrefu kabla ya reli, na pale Ndolezi kimelala kimondo cha tani kama 16, karibu chote chuma, kilichoanguka bila kuagizwa. Shaba ndiyo iliyokuwa ikipita, zamani kwa misafara, sasa kwa malori.

*

Ganda la 300 lilipatikana saa mbili usiku. Tulikuwa tumerudishwa bwenini kwa sababu ya giza, njaa ikiwa imetulegeza magoti, tukiambiwa kwamba alfajiri tutaanza upya. Jirani yangu wa renji, yule aliyepiga ukelele, alifungua mkanda avue shati, na kitu kikalia kwenye sakafu ya saruji. Lilikuwa limeteremka kutoka kwenye ukosi, likapita mgongoni, likazuiwa na mkanda, naye kwa kutambaa na kuchoka akadhani ni kokoto.

Nililiokota mimi. Upande mmoja, uliosuguliwa na ngozi yake na jasho la mchana kutwa, wekundu ulikuwa umetoka na chini yake palikuwa peusi. Afande aliletewa akiwa amekaa nje na taa ya chemli. Aligeuza ganda mara mbili mwangani, akafungua sanduku, akaliweka na wenzake. Kwenye daftari akafuta 299, akaandika 300, akaweka sahihi.

"Makande yapo," akasema. "Yamepoa."